Nilianzisha zawadi ya mfanyakazi bora, sasa mafundi hawasemezani: nilikosea wapi?

"Habari za kazi. Nina karakana ya kushona sare za shule hapa Morogoro. Wafanyakazi ni 16: mkataji, mafundi cherehani tisa, wawili wa overloki (mashine ya kufunga kingo za kitambaa), wawili wa vifungo na pasi, karani na dereva. Machi mwaka jana nilianzisha zawadi ya mfanyakazi bora wa mwezi: shilingi 50,000 na picha ukutani, anayeshona nguo nyingi ndiye mshindi. Miezi miwili ya mwanzo kazi ilipanda. Baadaye nguo zikaanza kurudi kutoka shuleni mishono imeachia. Fundi mmoja ameshinda mara tano na wenzake wanamnunia. Novemba, katikati ya msimu, mkataji wangu wa miaka sita akahamia kwa mshindani kwa nyongeza ya shilingi 40,000 tu. Mume wangu anasema sifa zinawavimbisha watu vichwa, niache kabisa. Mimi nafikiria kumpandisha yule mshindi wa mara tano awe msimamizi ili naye asiondoke. Nifanye hivyo? Na haya mambo ya kutambua vipaji kweli yanakuza biashara, au ni ya makampuni makubwa?"

Dada yangu, pole kwa kuondokewa na mkataji mwezi ambao mtu wa sare za shule hana hata nafasi ya kuugua. Barua yako ina maswali matatu: zawadi imeharibu nini, mshindi apandishwe au la, na kama kutambua vipaji kuna faida kwa karakana ya watu 16. Nianze na majibu mafupi ili mengine uyasome umetulia. Zawadi hiyo, kwa jinsi ulivyoipanga, iondoe. Mshindi usimpandishe bado. Faida ipo, na katika karakana ndogo huonekana mapema kuliko kwenye kampuni kubwa, ila haipatikani kwenye picha ya ukutani.

Kwanza nguo zinazorudi. Chukua kumi kati ya hizo, zigeuze ndani nje, weka futi juu ya mshono na uhesabu hatua za sindano ndani ya inchi moja. Sare ya mtoto anayekimbia na kupanda miembe inataka hatua 10 hadi 12. Ukikuta sita au saba, jibu umeshalipata: fundi ameongeza urefu wa hatua kutoka milimita 2.5 hadi karibu 4 ili kitambaa kikimbie chini ya sindano. Angalia pia kama alirudisha nyuma mwanzoni na mwishoni mwa mshono, na ameacha kitambaa kiasi gani pembeni. Sentimita moja ikigeuka nusu, kwapa haliwezi kumaliza muhula. Hapo hakuna aliyekuibia. Ulitangaza kwamba unanunua wingi, nao wakakuuzia wingi. Kile usichokihesabu, yaani uimara, ndicho kilicholipa gharama ya kile unachokihesabu. Hata ile miezi miwili ya mwanzo ningeitilia shaka: sehemu ya kazi iliyopanda huenda ni kazi iliyorudi baadaye kufumuliwa.

Jambo la pili ni nani hasa anaweza kushinda. Kati ya watu 16, wanaohesabiwa nguo ni tisa. Wa overloki, wa vifungo, wa pasi, karani, dereva na mkataji wako hawakuwa na njia yoyote ya kufika kwenye ule ukuta, hata wangefanya kazi ya malaika. Na miongoni mwa hao tisa, anayepewa mashati ya mikono mifupi atamzidi siku zote anayepewa sketi za marinda. Kwa hiyo kila mwezi, kwa kumtangaza mmoja, ulikuwa ukiwaambia watu 15 kitu ambacho hukukusudia kuwaambia.

Hili limewahi kupimwa. Kiwanda kimoja cha kufua nguo nchini Marekani kiliweka zawadi ya mahudhurio: asiyechelewa wala kukosa kazi bila ruhusa mwezi mzima aliingia kwenye bahati nasibu ya kadi ya manunuzi ya dola 75. Matokeo yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba baadhi walijifunza kupiga simu na kusema wanaumwa pale walipoona watachelewa, kwa kuwa ugonjwa haukuwatoa kwenye zawadi. Wale waliokuwa wakiwahi siku zote, hata kabla zawadi haijakuwepo, wakalegea kazini. Ukijumlisha yote, uzalishaji wa kiwanda ulishuka kwa asilimia 1.4. Hao waliolegea ndio wa kuwaangalia. Mtu aliyekuwa akiwahi kwa heshima yake mwenyewe, akiona mwenzake aliyeanza kuwahi jana anazawadiwa, anajiuliza heshima yake ilikuwa na thamani gani. Mwanasaikolojia John Stacey Adams alilieleza hili mwaka 1963: mfanyakazi hatazami anachopata peke yake, anakilinganisha na anachotoa, kisha anakilinganisha na wanachotoa na kupata wenzake. Mizani ikimwelemea vibaya, ataisawazisha mwenyewe kwa kupunguza juhudi au kwa kuondoka.

Mkataji wako ameondoka, na hapo nina neno nawe. Umeandika "40,000 tu". Kama mshahara wake ulikuwa 350,000, hiyo ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 11, na kwa mtu mwenye ada za watoto si "tu". Mshahara unaochelewa au ulio chini ya bei ya soko haufidiwi kwa cheti, na ukijaribu, sifa zako zitasikika kama dhihaka. Lakini pia sidhani kama fedha ndiyo habari nzima. Fikiria alichokuwa akikufanyia. Mkataji hodari hupanga vipande kwenye kitambaa kama mtu anayepakia lori: mikono anaigeuza ikae kwenye mwanya wa shingo, kola anazisokota pembeni, bila kuvunja mwelekeo wa uzi. Tuseme ustadi huo unaokoa sentimita nane kwa shati. Kwa mashati 1,500 ni mita 120, na tetroni ikiwa shilingi 5,000 kwa mita, hizo ni shilingi 600,000. Ni sawasawa na zawadi zako zote za mwaka mzima, na umezipata kutoka kwa mtu ambaye picha yake haikuwahi kupanda ukutani. Tena Morogoro ni mji wa viwanda vya nguo. Huko mkataji mzuri hakosi mlango wa kugonga.

Sasa hoja ya shemeji. Ana ukweli nusu. Sifa za jumla jumla zinazomlinganisha mtu na wenzake humvimbisha kichwa kweli, na wenzake huvimba nyongo. Sifa inayotaja kazi yenyewe ni kitu kingine. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Edward Deci aliwapa wanafunzi wa chuo mafumbo ya vipande vya kupanga. Waliolipwa kwa kila fumbo, malipo yalipoondolewa, walipunguza hamu ya kuendelea nayo wakati wa mapumziko. Walioambiwa tu kwamba wamefanya vizuri hamu yao haikushuka hivyo. Maelezo yake ni kwamba malipo yalikuwa yamegeuka kuwa sababu ya kufanya, ilhali maneno yalimthibitishia mtu kwamba anaweza. Usichukue hapo fundisho la kutolipa watu! Mafumbo ni mchezo, kushona ni riziki. Chukua hili: utambuzi unaofanya kazi ni taarifa. Unamwambia mtu kitu cha kweli kuhusu kazi yake, kitu ambacho huenda hata yeye hakujua kwamba kimeonekana.

Kwa hiyo "asanteni kwa kazi nzuri" ya Ijumaa jioni ni salamu, haihesabiki. Inayohesabika ni hii: unakwenda kwenye cherehani yake siku ileile au kesho yake, unashika nguo mkononi, unasema, "Kola 80 za oda ya jana zimelala sawa zote, hatujafumua hata moja. Uliufanyaje huo mpindo?" Lile swali la mwisho ndilo lenye uzito. Akikujibu kwa kukuonyesha namna alivyokata ncha za kola kabla ya kuzigeuza, umegundua mtu anayejua sababu ya anachokifanya, na huyo anaweza kufundisha. Akikujibu "nimezoea tu", umegundua mzoefu, naye ni wa thamani, lakini usimtwishe wanafunzi.

Nisikudanganye kwamba kumtaja mtu mbele ya wenzake ni kosa siku zote. Jaribio jingine lililochapishwa mwaka huohuo wa 2016 liliwaweka watu katika vikundi vya wanane, wakiingiza data kwenye kompyuta kwa saa chache. Katikati ya kazi baadhi walipewa kadi ya shukrani hadharani, bila kutangaziwa kabla. Kazi iliongezeka, zaidi pale kadi zilipokwenda kwa wachache waliofanya vizuri kuliko wote, na ongezeko kubwa lilitoka kwa wale ambao hawakupewa. Tofauti na yako iko wapi? Wote walikuwa na kazi moja, kadi haikutarajiwa, na haikuwa na fedha ndani. Yako ilitangazwa, ikajirudia kila mwezi, ikaenda kwa watu wenye kazi tofauti. Zawadi inayotarajiwa haikai muda kabla haijageuka kuwa haki, na kuikosa kunauma kuliko kuipata kunavyofurahisha.

Tuje kwenye kukuza biashara, maana hapo ndipo wengi wanapotea. Kipaji huongeza mapato pale tu kinapowekwa mahali kazi inaposongamana. Tembea karakana yako saa nne asubuhi na saa tisa alasiri kwa siku tano, uandike rundo kubwa limekaa mbele ya nani. Tuseme mafundi tisa wanatoa mashati 90 kwa siku, na wawili wa vifungo na pasi wanamaliza 60. Zawadi yako ikiwafanya wale tisa watoe 100, zinazotoka mlangoni bado ni 60. Umenunua rundo kubwa zaidi, kwa 50,000. Ila ukigundua kwamba mmoja wa overloki ana mkono mwepesi wa vifungo, ukamfundisha na kumpa saa tatu za kila siku kwenye vifungo, zinazotoka zinaweza kufika 75 bila kuajiri mtu. Huko ndiko kutambua kipaji kunakoleta pesa, na mara nyingi mwenye kipaji hicho hata hana cherehani yake.

Njia ya kukiona ni karatasi moja kubwa na penseli. Majina 16 yashuke upande wa kushoto, kazi zipange juu: kukata, kola, mikono, marinda, zipu, overloki, tundu za vifungo, pasi, ukaguzi, kupokea wateja na kuchukua vipimo, kurekebisha cherehani. Kila kisanduku andika namba: 0 hajui, 1 anaweza akisimamiwa, 2 anaweza peke yake, 3 anaweza kumfundisha mwenzake. Jaza na mtu mwenyewe akiwepo, mkibishana mjaribu kwa vipande vitano. Usishangae ukikuta dereva ana 2 kwenye kurekebisha cherehani. Halafu soma karatasi kwa kushuka, si kwa kwenda pembeni: safu yoyote yenye mtu mmoja tu mwenye 2 au 3 ni mahali ambapo simu moja ya mshindani inaweza kukufungia biashara. Novemba iliyopita safu yako ya kukata ilikuwa hivyo. Ongeza jicho moja lisiloandikwa: marinda yakikataa kulala au uzi ukikatika mfululizo, wenzake wanamwita nani? Jina hilo hata wewe huenda hulitarajii.

Kwa mshindi wako wa mara tano, tahadhari mbili. Hujui bado kama zile nguo zinazorudi ni zake. Kuanzia wiki hii kila fungu la kazi lifungwe na kikaratasi chenye namba ya fundi, na nguo ikirudi iandikwe kwenye daftari: namba, kasoro, tarehe. Baada ya wiki nne utasema kwa ushahidi. Hata ikionekana ni zake, usimwaibishe, kwani alishinda kwa kanuni ulizoziweka wewe. La pili, kasi ya mikono na kusimamia watu ni vipaji viwili visivyo ndugu. Mwandishi Laurence Peter alilisema kwa mzaha mwaka 1969, kwamba watu hupandishwa hadi wafike kazi wasiyoiweza, na utafiti wa baadaye kuhusu wauzaji katika makampuni ya Marekani ukakuta mzaha una ukweli: wauzaji bora ndio waliopandishwa zaidi, na timu zao zikafanya vibaya kuliko za wasimamizi ambao hawakuwa wauzaji wakubwa. Wewe ungepoteza fundi mwepesi na kupata msimamizi ambaye nusu ya karakana imemnunia.

Mjaribu. Mpe oda moja ya nguo kama 200, watu watatu, wiki tatu, na posho ya asilimia 10 ya mshahara kwa muda huo. Iandikwe tangu mwanzo kwamba ni majaribio na kurudi kwenye cherehani si adhabu. Usitazame oda imekwisha lini peke yake. Tazama kama wale watatu wamejifunza kitu, kama aliwahi kusema "hili kosa ni langu", na kama anakuletea tatizo kabla halijawa kubwa. Akishindwa, bado anastahili kupanda, ila kwa ngazi nyingine. Weka daraja la ufundi lenye mshahara wake, fundi, fundi mwandamizi, fundi mkuu, ambalo mtu hulipanda kwa ubora na kwa kufundisha bila kulazimika kuwa bosi wa yeyote. Karakana nyingi hazina ngazi hiyo, ndiyo maana fundi anayetaka kukua hana pa kwenda isipokuwa nje.

Fedha usitafute mpya. Zile 50,000 za kila mwezi zinatosha kulipa posho ya ujuzi ya 15,000 kwa watu watatu ambao kila mmoja amefikisha 3 kwenye safu yenye upungufu. Ningeanza na kukata. Pembeni weka bonasi ya oda: nguo zikitoka kwa tarehe, na zinazorudi zisipozidi mbili kwa kila mia, kiasi mlichokubaliana kigawanywe kwa wote 16, dereva na karani wakiwemo. Kasoro yake naisema: wapo watakaoteleza mgongoni mwa wengine, na katika watu 100 hali ingekuwa mbaya. Kwa watu 16 wanaoonana siku nzima, wenyewe watamsema mvivu kabla yako. Posho na bonasi zote zipite kwenye orodha ya mishahara. Ni mapato ya ajira, na zikijumlishwa na mshahara zikavuka shilingi 270,000 kwa mwezi zinaingia kwenye PAYE, kodi ya mshahara ambayo mwajiri huikata. Masharti ya posho ya ujuzi yawe kwa maandishi, mpaka lini na kwa kigezo gani, kwa sababu kuipunguza baadaye bila makubaliano ni mgogoro wa kazi.

Na cheti hakilipi saa za ziada. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, wiki ya kawaida ni saa 45, za ziada hulipwa mara moja na nusu na hazitakiwi kuzidi 50 ndani ya wiki nne. Kama msimu wa Januari huwa mnakesha kwa soda na shukrani, anza kurekebisha hapo kabla ya kitu kingine chochote nilichoandika.

Kuna utambuzi mmoja usiopaswa kuupita. Mafundi wako wengi yawezekana walijifunza kwa shangazi au barazani na hawana karatasi yoyote. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi na kuutolea cheti. Nenda chuo cha Kihonda ukaulize tarehe na ada za fani ya ushonaji, na uwalipie wawili wa kwanza. Najua unachowaza: akipata cheti si ataondoka? Baadhi wataondoka. Ila aliyeondoka akiwa amekuachia wanafunzi wawili wenye 2 kwenye safu yake hajakuacha kama mkataji alivyokuacha. Kosa moja tu usifanye, nalo ni kukifungia cheti chake kwenye droo yako.

Kuiondoa zawadi kuna adabu yake. Mwezi ulioanza umalizike na mshindi alipwe. Kisha waite wote, useme kipimo kilikuwa chako na kilikuwa kibaya, uonyeshe nguo mbili zilizorudi zisizo na namba ya mtu, halafu ubandike ile karatasi ya ujuzi palipokuwa na picha. Usiombe radhi kwa dakika 20, watadhani biashara inafilisika.

Wiki sita zikipita na bado hawasemezani, au ukisikia maneno ya kabila, ya dini, au ya fundi anayedai umempa mwingine posho kwa upendeleo, usiendelee kusuluhisha peke yako. Afisa kazi wa mkoa atakueleza haki za kila upande, na mgogoro wenyewe ukishazaliwa pa kuupeleka ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kama rundo haliondoki mbele ya vifungo hata baada ya kuhamisha watu, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ina watu wa kuangalia mpangilio wa mashine na hesabu zako. Kaa nao karakanani, si kwa simu, kwa sababu tatizo la mpangilio linaonekana kwa macho.

Mkataji wako mpigie simu kabla ya Oktoba. Usimwombe arudi siku hiyo, muulize tu ni kitu gani kingemfanya asiondoke, na uandike anachosema bila kujitetea. Akikubali kuja Jumamosi mbili kwa malipo kuwafundisha wale uliowachagua kwa ajili ya kukata, jora la kujifunzia liwe la kitambaa cha bei rahisi, na wakate tabaka tano kwanza. Tabaka 30 ni za baadaye, maana mkono mgeni ukikata tabaka nyingi, la chini huteleza, ukapata shati la darasa la tano lenye mkono mmoja wa darasa la tatu.